Kipupwe, Marathoni na Haki ya Mwenda kwa Miguu

Tangu Juni nimekuwa nikiamka saa 10:30 alfajiri kujiandaa kwa mbio zangu za kwanza za marathoni. Ninazungumzia marathoni kamili ya kilomita 42.195, si zile kilomita 5 za kuvaa fulana mpya na kupiga picha na mgeni rasmi, ambazo nazo siku hizi tunaziita marathoni. Nimekwisha kuvuka umri wa miaka arobaini, na kazi yangu ya uhadhiri ni ya kukaa. Lengo langu ni Moshi, katika mbio za Kilimanjaro.

Aishiye Mbeya anajua maana ya kuamka saa hiyo katika kipupwe. Vidole hufa ganzi, pumzi hutoka kama moshi wa jiko, na blanketi hugeuka kuwa mshauri mbaya. Nimejifunza kupasha mwili moto ndani ya nyumba kabla ya kufungua mlango, kuvaa nguo mbili nyepesi badala ya koti moja zito, na kunywa maji hata nisipoona kiu, kwa maana baridi huificha kiu lakini haizuii jasho. Nimejifunza pia kuongeza umbali kidogo kidogo kila wiki. Mwili hauna haraka ya kibajeti.

Hata hivyo, ndugu msomaji, si baridi iliyonifanya niandike makala haya. Nilidhani nitakuwa peke yangu barabarani. Sivyo. Kutoka Uyole kuelekea Mwanjelwa, gizani, niliwakuta kina mama wenye mizigo ya mboga kichwani, vibarua wenye sepeto begani, na watoto wa shule waliojikunyata ndani ya masweta.

Hapa kuna jambo ambalo watunga ratiba wetu hawalitazami. Saa ya Mbeya na ya Dar es Salaam ni moja, lakini jua si moja. Mwezi Julai jua la Mbeya huchomoza karibu saa 1 asubuhi, zaidi ya dakika 20 baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Mtoto anayetakiwa kuwa shuleni kabla ya saa 1 hutembea gizani kwa wiki nyingi mfululizo. Tena hutembea ukingoni mwa barabara kuu iendayo Zambia, ambako malori hupita usiku na mchana, na mahali pengi nafasi yake ni ule upana mdogo ulio kati ya lami na mtaro. Asubuhi moja taa za lori zilinilazimisha kurukia mtaroni. Nilitoka na goti lililochubuka tu. Nyuma yangu walikuwapo wanafunzi wawili, na wao waliruka kwa wepesi wa watu waliozoea. Wepesi ule ndio ulionitisha.

Julai kazi ya kusimamia wanafunzi wa ualimu walio katika mafunzo kwa vitendo ilinipeleka Iringa. Sikutaka kukatiza mazoezi, hivyo nilikuwa nikipanda mlima kutoka Ipogolo kwenda mjini. Katika mteremko huo mkali nilikutana na mama mtu mzima mwenye furushi kichwani. Nilimwamkia shikamoo, naye akanijibu kwa ukarimu wa Kihehe: “Kamwene, mwanangu. Unakimbia nini na baridi hii?” Nikamweleza kuwa nafanya mazoezi. Akacheka. “Haya. Sisi yetu ndiyo haya, kila siku.”

Nimelitafakari jibu lake mara nyingi. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alielekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, ili taifa lipambane na maradhi yasiyoambukiza. Nia ilikuwa njema na naiunga mkono. Lakini tumelitafsiri agizo hilo kama tukio: barabara hufungwa saa chache, hotuba hutolewa, kisha Jumatatu mwenda kwa miguu hurudishwa mtaroni. Afya ya umma inahitaji pia mahali pa kupitisha mguu siku zote.

Tunapenda kujivunia wakimbiaji wetu, na tunayo haki hiyo. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu ukiwa umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia Tokyo kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde. Taifa lililolia kwa furaha siku ile haliwezi kuona kuwa mita moja na nusu ya njia ya miguu ni anasa.

Wapo watakaosema kwamba barabara kuu ni uchumi, na shehena haiwezi kumsubiri mtembeaji. Nakubali kuwa ni uchumi. Lakini mboga iliyo kichwani mwa yule mama nayo ni shehena, na mwanafunzi yule ndiye mhasibu au dereva wa kesho. Mbeya sasa inapanua barabara kuu kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, iwe ya njia nne. Tunaposhangilia njia nne za magari, tuulize njia ya tano iko wapi, ile ya miguu, na taa zake.

Mtumishi wa umma unayeidhinisha michoro, nakuomba uitembee barabara hiyo saa 12 asubuhi ya Julai kabla ya kutia saini. Mkuu wa shule, jiulize kama saa ya kuripoti haiwezi kusogezwa mbele kidogo katika kipupwe. Wanafunzi na wanaharakati, hudhurieni vikao vya mitaa na kata, muulize swali hili hadi lijibiwe kwa maandishi.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Walidhani ana njia. Mimi nikishindwa Moshi, nitarudi nyumbani na kujaribu mwaka mwingine. Mtoto wa Uyole hana mbio za marudio.