Kipuri Kisicho na Jina

Gari likiharibika katika Adungosi, kwenye ukanda wa Busia na Malaba, fundi na dereva huelewana kwa Kiswahili, ajapokuwa mmoja Mkenya na mwingine Mganda. Springi, nati, kulehemu: maneno hayo hayakungoja kamati ya istilahi. Majeshi nayo husumbuliwa na uhaba wa vipuri, ila kwao gari likikwama huenda likagharimu roho za askari.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2012 Jeshi la Marekani lilipeleka Afghanistan karakana zilizojengwa ndani ya kontena, zikiwa na mashine zinazounda kifaa kutokana na mchoro wa kompyuta. Mashine ya namna hii haichongi wala haikerezi. Huweka tabaka juu ya tabaka, la plastiki au la unga wa metali, hadi kifaa kikamilike. Mchoro husafiri kwa intaneti, nacho kipuri huzaliwa penye haja.

Ufundi huu umekwisha kuingia Nairobi. Karakana za majeshi ya kanda hii haziwezi kuupuuza. Swali ni kwamba utafundishwa kwa lugha gani. Kiswahili kilitumika katika King's African Rifles, ndicho lugha ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kiwe lugha rasmi. Mwaka 2023 askari wa Kenya na wa Uganda walihudumu katika kikosi kimoja cha Jumuiya, mashariki mwa Kongo.

Wapo wanaoridhika na jina "uchapishaji wa pande tatu". Jina hilo huleta picha ya karatasi na wino, na kuficha hatari yenyewe: matabaka yasiposhikamana vyema, kipuri hupasuka papo yanapokutana. Mfinyanzi ajengaye chungu pindi juu ya pindi analifahamu jambo hilo. "Uundaji wa matabaka" lingeeleza kazi na kumwonya fundi kwa pamoja.

Itadaiwa kwamba Kiingereza kinatosha. Lakini fundi aliyeelewa maelezo nusu hutengeneza kipuri nusu, na atakayekitegemea vitani hana nafasi ya kuuliza.

Hapana budi, basi, wanafunzi wa Kiswahili watoke maktabani, waende karakana kama zile za Adungosi, wasikilize kabla ya kupendekeza. Istilahi isiyokubalika kinywani mwa fundi haitakubalika kambini.