Gharama ya shahada ya kilimo ipimwe bondeni

Mzazi wa Ngorongo, katika bonde la Rufiji, anayemwendea mwalimu na kumwuliza kama inafaa mwanawe aende Morogoro kusomea shahada ya kilimo, na akisha kuipata atalipwa nini, ameuliza swali la haki. Wako watumishi wanaoliita swali hilo uroho. Hao wamekwisha kusahau jinsi fedha ya ufuta na mpunga inavyopatikana.

Hesabu yenyewe haifichiki. Shahada ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine huchukua miaka mitatu. Njia ya stashahada, katika vyuo vya Serikali kama Ilonga na Mtwara, ni fupi zaidi na nyepesi mfukoni. Akiajiriwa serikalini, mwenye shahada huanzia ngazi ya mshahara ya TGS D, na mwenye stashahada TGS C. Lakini aliyesoma kwa mkopo wa Bodi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Hivyo katika miaka ya mwanzo tofauti ya mifuko yao hupungua, na huyo wa stashahada huenda amekwisha kutangulia kazini. Tena yote hayo ni pale ajira inapopatikana. Zama za mhitimu kupangiwa kazi kabla vumbi la mahafali halijatulia zilikwisha katika miaka ya 1990, na wengi sasa husubiri vibali mwaka baada ya mwaka.

Kwa hesabu hiyo, mwalimu mwaminifu angemwambia mzazi: mpeleke Ilonga, au mwache alime. Ila hesabu hiyo ina kasoro kubwa, kwani imemhesabu mwanafunzi peke yake.

Historia yafaa ikumbukwe hapa. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na sharti la kupokea asilimia 40 tu ya mshahara katika sehemu ya utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ukali wake unaweza kujadiliwa, na umejadiliwa sana. Hata hivyo mantiki ya mpango ule ilieleweka na kila mtu: mkulima amekwisha kulipa kwa jasho, msomi naye arudishe kwa utumishi. Leo msomi hurudisha kwa fedha. Deni hulipwa sawasawa, awe amekaa mjini akiuza bima au kijijini akipima udongo. Bodi hupata chake. Mkulima hapati kitu.

Na mkulima wa Rufiji anamhitaji mtaalamu leo kuliko jana. Kwa vizazi vingi kilimo cha bonde kilitegemea mafuriko: maji yakipanda huleta tope lenye rutuba, yakishuka watu hupanda mahindi ya mlau katika unyevu uliobaki. Hata Operesheni Rufiji ya mwaka 1969, iliyowahamishia watu nyanda za juu baada ya mafuriko ya mwaka uliotangulia, haikuwatenga na bonde. Waliendelea kushuka na kukesha katika madungu wakiwinga nguruwe. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa. Taifa lilihitaji umeme ule, megawati 2,115, na hapana mzalendo anayeuonea kijicho. Lakini bwawa lolote hushika tope na kubadili majira ya maji. Aprili 2024 mafuriko yalifunika nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Huko delta, maji matamu yanapopungua, chumvi hupanda mpaka majarubani.

Ni nani atakayemwambia mkulima wa Ngorongo apande lini, aweke mbolea gani pale tope lilipopungua, na mbegu ipi inavumilia chumvi? Mazoea ya babu hayakuwahi kukutana na bwawa. Hapo ndipo shahada inapojilipa. Mbegu ya mpunga ya SARO 5, inayopandwa leo katika mabonde mengi ya nchi, ilitokana na watafiti wetu wenyewe, na faida yake haionekani katika hati ya mshahara ya mtu yeyote.

Basi gharama igawanywe kwa wanaofaidika. Mhitimu wa kilimo anayekubali kukaa kijijini, akaonekana shambani na si katika kuandika taarifa tu, apunguziwe deni lake kwa kila mwaka anaotumikia. Pikipiki zilizogawiwa maofisa ugani mwaka 2022 zilikuwa jambo jema. Zinahitaji petroli, na zinahitaji mtu asiyehesabu siku za uhamisho.

Walimu nao wana sehemu yao, na isemwe bila kuoneana haya. Katika shule nyingi jembe limekuwa fimbo ya pili: mtoto akichelewa, alime, akipiga kelele, alime. Shamba la shule, ambalo Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililitaka liwe darasa, likageuzwa kituo cha adhabu. Mtoto aliyelelewa hivyo hujaza kilimo mwisho kabisa katika fomu ya chuo, baada ya sheria, uhasibu na kila kitu, kisha walimu walewale hushangaa kwamba kilimo kinapata waliokosa kwingine.

Dirisha la maombi ya mikopo hufunguliwa katikati ya mwaka, majira yaleyale ambapo maji yakishuka watu wa Ngorongo huingia katika mlau. Kabla ya hapo mwalimu anaweza kukaa na mzazi na mwanawe jioni moja, akaweka mezani ngazi za mishahara, makato ya Bodi na miaka ya kusubiri, bila kuficha lolote, kisha akamwuliza kijana kuhusu udongo wa shamba la baba yake. Akionyesha kwamba anaujua na ana hamu ya kuujua zaidi, aandikiwe Morogoro.