Kifuko cha Mkandani
Wiki hii, Mlandege hapa Iringa, nimemwona fundi umeme akipanda ngazi na kifuko kiunoni: bisibisi, plaizi na tepu, kila kimoja na chumba chake. Amekishona mwenyewe kwa kipande cha turubai na mguu wa jinzi kuukuu, akatumia sindano namba 18, maana nyembamba huvunjika penye mikunjo minne. Kitanzi cha mkanda kina mishono miwili. Uzito wote huning'inia hapo. (Mimi ningeongeza kifuniko, mvua za huku hazipigi hodi.) Mwenye bisibisi mfukoni hutoboa suruali kabla ya ukuta. Vifuko vya dukani hukatwa kwa jicho la mnunuzi. Hiki kimepimwa kwa vifaa vyenyewe, na kinavishinda vya dukani. Fundi, jinzi ikichanika goti, usiitupe.