Lupango Yenye Mlango kwa Wote

Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa tatu alikosa masomo siku tisa. Tulipomuuliza sababu, akajibu: «Mwalimu, tulikuwa tunatafuta nyumba.» Baba yake ana wake wawili na watoto saba. Mwenye lupango wa kwanza aliposikia kwamba mama wawili wataingia pamoja, akawarudishia garanti yao. Wa pili akafanya vile vile. Wa tatu akasema: «Hapa ni kwa watu wa Mungu, hatupokee bintu kama hivyo.»

Sisi tunauliza: watu wa Mungu ni nani katika jambo hili?

Katika Lubumbashi, nani asiyejua lupango? Nyumba tatu ao ine, bomba moja, choo kimoja, jamaa mbalimbali zinapika karibu karibu, na watoto wanaangaliwa na kila mama aliyepo. Ndiyo maisha yetu ya kila siku. Mwenye lupango haulize mpangaji analala wapi usiku wa Jumamosi. Baba mwenye «biro la pili» kule kartie ingine anapokelewa kwa heshima, anaitwa papa, anapewa kiti mbele. Lakini yule anayeonyesha wake zake wote mchana, huyo anafukuzwa. Basi tunaadhibu ukweli, na uongo tunaupangisha nyumba!

Wengine watasema ni desturi ya mji. Ni kweli, lakini desturi hiyo ilitoka wapi? Serikali ya Wabelgiji ilikuwa inatoza kodi ya nyongeza kwa wake waliozidi mmoja. Kisha dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 ikavunja nguvu ya ndoa za wake wengi zitakazofungwa kuanzia tarehe 1 Januari 1951, na ikafunga milango ya senta za mji kwa jamaa za namna ile. Watu hawakuacha, walijifunza kuficha. Mke wa pili akaitwa shangazi, ao dada wa kijijini. Hiyo ndiyo «desturi» tunayoilinda leo.

Wengine wanaleta mezali: fahali wawili hawakai zizi moja. Sawa, lakini wanawake si fahali! Wazee wetu walijua namna ya kupunguza ugomvi: kila mke na nyumba yake, jiko lake, shamba lake. Mtoto alimwita mke mwingine wa baba mama mukubwa ao mama mudogo, na alikula kwake bila kuomba ruhusa.

Tusieleweke vibaya. Hatusifu uke wenza. Tumeona machozi ya mama aliyeletewa mwenzake bila kuulizwa, na wivu unaoingia mpaka katika kalamu za watoto. Kode ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haikubali ndoa ya pili wakati ya kwanza ingali hai. Mke wa pili, mume akifa, anaweza kutoka mikono mitupu. Wanaume wanaopiga kelele «ni mila yetu» wanapenda kusahau jambo hilo. Mila bila mzigo wake si mila, ni tamaa tu.

Lakini Kode ile ile inasema kila mtoto Mukongomani lazima awe na baba, na mtoto wa inje ya ndoa aliyetambuliwa na baba anarizi pamoja na wengine. Kama sheria haikumtupa mtoto, sisi wenye lupango tunapata wapi ruhusa ya kumtupa na virago vyake njiani?

Kwa hiyo tunasema: wewe baba, andikisha watoto wako wote, na kila mama umpe mlango wake. Na wewe mwenye lupango, uliza mambo matatu: wanalipa? wanaheshimu majirani? watoto wanasoma? Hesabu ya wake haiko katika kazi yako.

Yule mwanafunzi amerudi darasani. Anatoka mbali sasa, saa moja na nusu kwa miguu. Kila asubuhi akichelewa, tunaona haya kumuazibu.