Makala nyingi za profesa si kipimo cha dawa ya mwanao

Huenda umewahi kupokea ujumbe kwenye simu unaosifu dawa fulani kwa kuwa mgunduzi wake ni profesa mwenye makala lukuki za kitafiti, zilizonukuliwa maelfu ya mara. Mzazi anayeuguza hushawishika haraka. Kabla hujatoa fedha, fahamu takwimu hizo zinapima nini.

Mtafiti akichapisha makala kwenye jarida la sayansi, huhesabiwa ni mara ngapi watafiti wengine wameitaja katika makala zao. Kipo pia kipimo kiitwacho h-indeksi: mwenye 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Vipimo hivi huonyesha kazi yake inazungumzwa kiasi gani, lakini havisemi kama inasifiwa au inapingwa.

Mwaka 1998, jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Ilinukuliwa sana, mara nyingi kwa kukosolewa. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano huo, na mwaka 2010 jarida liliifuta. Wakati huo wazazi wengi walikuwa wameshaogopa kuchanja watoto.

Sasa mtazame Tu Youyou wa China. Mwaka 1971 timu yake ilipata dondoo ya mmea wa artemisia iliyomaliza vimelea vya malaria kwa panya. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake wawili waliinywa wenyewe kupima usalama wake kabla ya kuwapa wagonjwa. Makala ya mwaka 1977 kuhusu kiini cha dawa hiyo, artemisinini, ilitoka bila jina lake. Kwa hesabu ya kunukuliwa, asingeonekana. Thamani ya kazi yake ilithibitishwa na wagonjwa waliopona, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobel. Dawa mseto ya ALu, ambayo Tanzania Bara inaitumia tangu 2006, imetokana na ugunduzi huo.

Kumbuka pia kwamba mkemia wa dawa hufanya kazi ya mwanzo tu. Kinachoua vimelea kwenye chupa ya maabara kinaweza kudhuru ini, au kisifike kwenye damu kwa kiwango cha kutosha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) halishauri kutibu malaria kwa chai ya artemisia: kiasi cha dawa ndani yake hubadilika, na kikiwa kidogo vimelea hubaki na vinaweza kujenga usugu.

Kwa hiyo, ukiambiwa sifa za mtafiti, uliza maswali matatu. Je, dawa hii imejaribiwa kwa binadamu au iliishia kwa panya? Je, imelinganishwa na dawa iliyopo, kwa watoto wa umri wa mwanao? Je, imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)?

Muuzaji akikosa majibu, usinunue. Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya apimwe mapema, na akipewa dawa hakikisha anamaliza dozi hata kama ameanza kucheza.