MOTOKARI YA KILA SIKU ISILALE CHINI



Katika miji yetu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kuna mtindo unaopendwa na vijana wengi: motokari ndogo iliyoshushwa mpaka tumbo linakaribia kugusa udongo. Mwenyewe anapita polepole na watu wanageuka kutazama. Hatukatai, kwa macho inapendeza. Lakini ukurasa huu ni wa usalama na afya, si wa urembo. Kwa hiyo tunauliza: motokari inayomfikisha baba kazini, mama sokoni na watoto masomoni kila siku, ifae kuwa na kimo gani?

Jibu letu tunalitoa mara moja. Iwe na kimo ilichopewa kiwandani. Na yule asiyeweza kuacha mtindo, asishushe zaidi ya santimetri 2 au 3, tena kwa vyombo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, si kwa msumeno. Sababu zetu ni hizi.

Kwanza tuwape haki wenye kushusha. Wanasema motokari ya chini inashika njia vizuri na hailali sana kwenye kona. Ni kweli. Uzito ukishuka, motokari inayumba kidogo zaidi. Ndiyo maana motokari za mashindano ziko chini. Lakini zile zinakimbia juu ya lami laini kama meza, na baada ya mashindano mafundi wanazifungua na kuzipima. Wewe unatoka kazini usiku, mvua inanyesha, mashimo yamejaa maji, na hujui lipi lina kina cha kidole na lipi lina kina cha goti. Njia si ile, na dawa haiwezi kuwa ile.

Sasa tufanye hesabu. Motokari ndogo ya jamaa, ikiwa tupu, mara nyingi ina nafasi ya santimetri 14 mpaka 17 kati ya tumbo na ardhi. Tuseme yako ina 15. Fundi anakata resori na kushusha 6: zinabaki 9. Siku ya posho unapakia bibi, watoto watatu na mifuko ya unga. Nyuma inashuka tena, tuseme 3. Zinabaki 6. Tuta la njiani lenye kimo cha santimetri 10 utalivukaje? Magurudumu ya mbele yatapita, kisha tumbo litakaa juu yake. Na chini ya tumbo ndiko kuna karteri ya mafuta ya mashine. Ikipasuka, mafuta yanamwagika, na shofere asiyeona taa nyekundu anaendelea kwenda mpaka mashine inajifunga. Hapo gharama ya mtindo inazidi mshahara wa miezi mingi.

Lakini mafuta na mashine ni mali tu. Linalotutisha zaidi ni maisha ya watu.

Resori haipo kwa kubeba uzito tu. Ina kazi ya kupanda na kushuka ili gurudumu lisiachane na njia. Ukiikata, unaifanya kuwa ngumu na unaipunguzia nafasi ya kucheza. Gurudumu likikuta shimo, amortisere inafika mwisho na kugonga kwa nguvu, na kwa nukta moja gurudumu haliko tena barabarani. Gurudumu lisilogusa njia halitii volani wala freni. Resori iliyokatwa fupi mno inaweza pia kutoka mahali pake gurudumu linaponing'inia shimoni. Wengine hawakati, wanaichoma kwa moto mpaka inalegea na kulala. Hao wanaharibu chuma chenyewe. Nguvu ya resori inatoka katika namna ilivyopikwa na kupozwa kiwandani. Ukiipasha moto ovyo, umeiondolea nguvu hiyo, na inaweza kuvunjika siku yoyote.

Tena, motokari ikishuka, magurudumu yanainama na kupoteza mwelekeo wake. Mipira inalika upande wa ndani, mahali ambapo mwenyewe haangalii. Kwa nje inaonekana mizima, lakini kwa ndani nyuzi zimeanza kutoka. Mpira wa namna hii ukipasuka kwenye njia ya Likasi, katikati ya makamio mazito, sisi hatuna shauri tena la kukupa.

Wenye pikapu wasikilize na neno hili. Katika nyingi kuna kifaa karibu na akseli ya nyuma kinachotambua mzigo kwa kuangalia jinsi sanduku lilivyoshuka. Sanduku likishuka, kinapeleka nguvu zaidi kwa freni za nyuma. Ukishusha pikapu bila kurekebisha kifaa hicho, kinadhani daima umepakia. Siku ya mvua, pikapu ikiwa tupu, unakanyaga freni, magurudumu ya nyuma yanajifunga, na mkia unataka kupita mbele.

Kuna pia afya. Wenzetu wanaoendesha makamio makubwa ya shimo na mashine za kuchimba wanatikiswa muda wote wa kazi. Waganga wa kazi wanajua tangu zamani kwamba mtikiso wa mwili mzima, ukirudiwa mwaka baada ya mwaka, unaleta maumivu ya mgongo. Ndiyo sababu viti vya mashine hizo vinafanywa kwa kupunguza mtikiso. Sasa mtu anatoka kwenye mashine yenye kiti kizuri, anaingia katika motokari yake ngumu kama mkokoteni, na kujigonga mgongo mpaka nyumbani. Na bibi mwenye mimba anayeketi kando yake, nani amemwuliza?

Tufikiri jambo moja tu. Ndani ya mgodi, nani kati yetu angethubutu kukata mnyororo wa mashine ya kuinua mizigo ili upendeze? Hakuna. Mashine haibadilishwi bila ruhusa ya enjinia, na kila zamu inaanza kwa kuikagua. Je, mashine inayobeba watoto wetu ina thamani ndogo kuliko ile inayobeba mawe?

Haya ndiyo mashauri yetu:

1. Kabla ya kununua motokari iliyotumika, piga magoti utazame. Nyingi zinatoka Japani, zinapita bandari ya Dar es Salaam na Zambia mpaka Kasumbalesa, na nyingine zilishushwa na mwenyewe wa kwanza. Resori yenye ncha iliyokatwa au alama ya moto usiikubali.

2. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bawa, pande zote nne. Linganisha na motokari nyingine ya namna ile ile. Motokari ya zamani inaweza kushuka yenyewe kwa kuchoka kwa resori. Hiyo nayo ni ugonjwa: badili resori mbili za akseli moja pamoja.

3. Ukiwa lazima ushushe, nunua resori na amortisere zinazoendana, zilizoandikwa kwa aina ya motokari yako. Pima nafasi ya chini ukiwa umepakia watu wote, si ikiwa tupu.

4. Baada ya kazi, peleka kwa paralelisimu. Geuza volani mpaka mwisho kila upande uone kama mpira unagusa bawa au bomba la freni. Rekebisha taa pia, maana mkia ukishuka taa zinatazama juu na kumpofusha anayekuja mbele.

5. Kama fedha haitoshi kwa hayo yote, basi haitoshi kwa kushusha. Itumie kwa mipira mizuri na freni. Hakuna anayegeuka kuzitazama, lakini ndizo zitakazokusimamisha siku mtoto wa jirani anapokimbilia mpira barabarani.

Wazazi, ongeeni na vijana wenu bila kuwagombeza. Anayependa motokari yake ana mwanzo mzuri. Afundishwe kuipenda kwa kuitunza. Motokari safi, yenye freni kali, mipira mizima na kimo chake cha kiwandani, nayo inapendeza. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kila jioni inafika nyumbani na watu wote waliopanda.

Usalama hauishii kwenye mlango wa mgodi.