Tindikali ya Damu Haitibiwi kwa Chupa ya Maji

Imani hii imeota mizizi mijini kwetu: nyama, sembe na soda huijaza damu tindikali, na tindikali hiyo ndiyo chanzo cha saratani, kisukari, maumivu ya viungo na uchovu usioisha. Dawa yake, tunaambiwa, ni maji ya alkali, limau la asubuhi au kijiko cha bekingi soda. Ni uongo, na unaua watu.

Damu ya mtu mwenye afya hukaa kati ya pH (kipimo cha tindikali na alkali) 7.35 na 7.45, awe amekula nyama choma au mchicha. Mapafu hutoa kaboni dayoksaidi, ambayo ingeongeza tindikali kwenye damu, kila tunapopumua. Figo nazo huchuja tindikali iliyozidi, zikaimwaga kwenye mkojo, na kuirudishia damu bikaboneti inayozima tindikali. Kazi hiyo haisimami usiku wala mchana. Maji ya alkali yenyewe hayafiki mbali: yakitua tumboni hukutana na tindikali kali ya kusaga chakula, na ualkali wake huishia hapo.

Wauzaji hupenda karatasi ya kupimia mkojo. Ikibadilika rangi, mteja anaambiwa damu yake imechafuka, naye anatoa pesa. Lakini mkojo si damu. Mkojo wenye tindikali unaonyesha kwamba figo zimeitoa nje, kama zinavyotakiwa.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba tindikali kuzidi kwenye damu ni ugonjwa wa kweli, tena wa hatari. Humpata mwenye kisukari aliyekosa insulini, mwenye figo zilizoshindwa kazi, au aliyekaushwa na kipindupindu. Mtazame huyo wa kisukari: anahema kwa nguvu na kwa kina ingawa hajakimbia popote, pumzi yake inanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi, anatapika, maneno yanampotea. Anahitaji dripu na insulini sasa hivi. Ukimkalisha nyumbani umnyweshe maji ya chupa ya bei mbaya, unamzika. Na bekingi soda ina sodiamu nyingi, jambo la kuogopwa na kila mwenye presha au figo dhaifu.

Mahakama zimeshayaona haya. Mmarekani Robert O. Young, mwandishi wa kitabu The pH Miracle, alijipatia utajiri kwa kuhubiri kwamba tindikali ndiyo mzizi wa maradhi. Kwenye shamba lake huko California wagonjwa walitundikiwa dripu za bekingi soda. Mwaka 2016 alitiwa hatiani kwa kutibu watu bila leseni, akafungwa. Mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama San Diego liliamua amlipe dola milioni 105 mama mmoja mgonjwa wa saratani, aliyeshauriwa aachane na tiba ya hospitali. Fedha hizo hazikuuondoa uvimbe uliokuwa umeachwa ukue.

Mboga na matunda kuleni kwa wingi, yana faida zake nyingine nyingi. Ila ndugu yangu mwenye kisukari, usiache sindano yako kwa neno la muuza maji. Na wewe unayemuuguza, ukimwona anahema namna ile, usitafute limau. Tafuta gari, mkimbize hospitali.